Onyesho la Popo

Mama Stoo hakuwa mtu wa sinema. Mara ya mwisho aliingia ukumbini akiwa bado mchumba, na hata siku hiyo alisinzia. Lakini akikabidhiwa jambo, hulishughulikia kama anavyopokea dawa katika stoo ya hospitali anayoisimamia: anauliza, anahakiki, anaandika, ndipo anatia saini. Kwa hiyo mumewe aliposema jioni moja, redio ikiwa imezimwa, "Ningependa kwenda sinema," hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Siku gani?"

Binti yao alikuwa akipiga pasi. Alibaki ameishikilia pasi hewani.

Mume huyo kila mtu alimwita Fundi. Kwa miaka ishirini alikuwa mchoraji wa mabango ya jumba la sinema la mjini, yale makubwa ya kutundikwa juu ya mlango, kabla ya mabango ya kuchapwa kuingia. Baada ya hapo akachora maduka, malori na kuta za shule. Kisha presha ya macho ikamwingia kimyakimya, kama mwizi aliyevua viatu mlangoni, na alipoamka kwenda kwa daktari jicho moja lilikuwa limeshazimika na la pili linaaga. Sasa ilikuwa miezi kumi na minne hajavuka geti isipokuwa kwenda kliniki. Alikuwa na kiti chake karibu na dirisha, na kiti kilishaanza kuchukua umbo lake. Marafiki walikuja hadi wakachoka. Harusi ya mpwa wake alituma zawadi. Msiba wa nyumba ya tatu alituma pole.

"Lakini nina sharti," Fundi alisema.

"Litaje."

"Nakwenda mara moja. Nikiaibika huko, nikawa kituko cha watu, tusisumbuane tena. Si sinema, si harusi, si mtaa wa pili. Mniache na kiti changu."

"Na usipoaibika?"

"Tutaona." Akacheka kicheko kikavu. "Mtaona nyinyi."

Mama Stoo hakucheka. Alimjua mumewe. Huyu alikuwa mtu asiyevunja sharti, hasa lile linalomuumiza mwenyewe.

Alipokwenda jikoni binti alimfuata. "Mama, nani atamsimulia kinachoonekana?"

"Mimi. Nina mdomo."

"Mama yangu, wewe harusi unaisimulia kwa idadi ya viti."

"Kwani viti havikuwepo?"

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, alisimama mbele ya dirisha la muuza tiketi. Aliyekaa ndani alikuwa mama mnene, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, anakata kucha.

"Nataka saa ambayo hakuna watu," Mama Stoo alisema.

Muuza tiketi akaacha kucha. "Dada, sisi hapa tunaomba Mungu watu waje, wewe unaomba wasije?"

"Mume wangu haoni. Itabidi nimwambie kila kitu kwa sauti. Sitaki mtu wa kuninyamazisha."

Yule mama akavaa miwani ili amtazame vizuri. Kisha akaanza kuichambua wiki kama mtu anayechambua mchele. "Jumamosi usithubutu, watoto wanaruka viti kama mbuzi. Jumapili ni familia nzima-nzima, na bibi anauliza kila dakika huyo ni nani, na huyu naye ni nani. Ijumaa jioni vijana, hao hawaangalii sinema, wanaangaliana. Jumatano wanafunzi wa chuo, wanajua kila kitu kabla hakijatokea. Njoo Jumanne, saa nne asubuhi. Sisi tunaliita onyesho la popo."

"Kwa nini popo?"

"Utawaona. Hawana neno."

Mama Stoo akaandika: Jumanne, saa nne. Akapigia mstari.

Lakini mtu makini hapeleki mgonjwa mahali ambapo hajapakagua. Jumamosi, siku pekee aliyokuwa na nafasi, alikwenda kuitazama filamu hiyo peke yake, daftari mkononi. Ilikuwa kama alivyoambiwa. Watoto waliruka. Walikwenda chooni kwa zamu, wakarudi kwa zamu, na mlango wa pembeni haukufungwa hata dakika mbili, hivyo akaketi karibu nao na kuandika kwa mwanga wa ukumbi wa nje. Filamu ilimhusu mwanamke tarishi anayevuka uwanda wa chumvi kwa miguu kupeleka barua moja, ya mwisho, kabla ofisi yao ya posta haijafungwa. Mama Stoo alijaza kurasa kumi na moja. Nani ameingia, nani ametoka, amevaa nini, amebeba nini. Katikati kulikuwa na kipande kirefu kisicho na maneno, na hapo hapo mtoto wa nyuma akammwagia soda begani. Alijifuta huku akiandika: "Dakika sita. Maji. Hakuna kinachotokea."

Jumanne Fundi aliamka kabla ya jogoo wa jirani. Akaomba shati la bluu.

"Yapo mawili, yote masafi," mkewe alisema.

"Sikuuliza usafi. Lile la bluu ya wino au lile la bluu ya anga?"

Mama Stoo akayatazama mashati hayo kwa muda. Alikuwa ameyafua miaka mitatu na hakuwahi kujua kwamba yalikuwa bluu mbili tofauti.

Teksi iliwashusha mlangoni. Fundi alikuwa amemshika mkewe mkono juu ya kiwiko, na kadiri walivyosogea vidole vyake vilizidi kubana kama mkanda wa kupimia presha. Kwenye ngazi alijikwaa, akasema samahani kwa nguzo. Mama Stoo alijifanya hajaona. Ndani alisimama, akavuta pumzi ndefu.

"Wamebadilisha zulia," alisema.

"Umejuaje?"

"La zamani lilinuka mvua."

Walikaa katikati ya ukumbi. Taa zilikuwa bado zinawaka kwa unyonge, na Mama Stoo akageuka kuwahesabu wenzao. Walikuwa tisa, wametawanyika mbalimbali. Walinzi wawili wenye sare, marungu yamelazwa chini ya viti. Muuguzi aliyevua viatu akakunja miguu. Mwoka mikate ambaye masikio yake bado yalikuwa na unga. Mwanamume mmoja alishajifunika uso kwa kofia na kukoroma kwa mpangilio.

"Kuna watu?" Fundi alinong'ona.

"Tisa. Ni watu wa zamu ya usiku. Wamekuja kulala."

Sasa akaelewa habari ya popo. Nyumbani kwao mchana kulikuwa na bati linalochoma, watoto, redio ya jirani. Hapa kulikuwa na giza, kiyoyozi na kiti laini. Alifurahi. Watu waliolala hawalalamiki. Akafungua mkoba, akatoa daftari lake, akalifungua ukurasa wa kwanza, akasafisha koo.

Taa zikazimika.

Mama Stoo alibaki ametazama mahali daftari lilipokuwa. Hakuona hata kidole chake. Diploma ya ugavi, miaka ishirini na miwili kazini, stoo isiyowahi kupoteza hata bandeji, na hakukumbuka kwamba sinema ni giza. Leo hakukuwa na mtoto wa kwenda chooni. Mlango ulikuwa umefungwa kabisa. Akawasha tochi ya simu.

"Zima hiyo taa!" sauti nzito ilitoka nyuma.

Akazima. Kwenye skrini muziki ulishaanza, na Fundi aligeuza kichwa huku na huku kama kuku anayesikiliza kitu chini ya ardhi. "Vipi? Kuna nini?"

"Jangwa," Mama Stoo alisema. "Jeupe. Mwanamke mmoja. Mkoba wa ngozi, mmoja. Viatu, jozi moja, vimechakaa. Anatembea."

"Halafu?"

"Anaendelea kutembea. Mlima, upande wa nyuma. Milima mitatu."

"Mama," ile sauti nzito ikasema, "hiyo ni sinema au unakabidhi ofisi? Tumekesha, jamani! Tuache tulale."

"Kulala ni nyumbani," Mama Stoo alijibu bila kugeuka.

"Nyumbani kuna mapacha!"

Mtu mmoja akacheka gizani. Mwingine akafyonza. Na Fundi akasimama. Alisimama ghafla, magoti yakagonga kiti cha mbele, akanyoosha mkono kutafuta njia ambayo haikuwa upande ule.

"Twende," alisema. Sauti ilikuwa tulivu mno. "Nilisema mara moja. Imeshakuwa mara moja."

Mama Stoo alimshika pindo la shati. Alikiona kiti cha dirishani, kimekaa kinasubiri. Aliiona miaka inayokuja. Yeye, ambaye hospitali nzima ilimwogopa, akashusha sauti.

"Kaa chini," alinong'ona. "Nimekosea. Niambie nilipokosea."

Katika ndoa yao yote maneno hayo hayakuwahi kusikika. Labda ndiyo sababu Fundi alikaa, ingawa alikaa ukingoni kama abiria anayeshuka kituo kinachofuata.

"Unanipa bidhaa," alisema kwa kunong'ona. "Naona stoo yako, sioni pale. Sikiliza. Zamani yale mabango niliyachora kabla filamu haijafika mjini. Hakuna aliyekuwa ameiona. Meneja alinipigia simu kuniambia ilivyo, na yeye alikuwa kaambiwa kwa simu na mtu mwingine. Hakujua kusimulia hata ajali. Kwa hiyo nilimuuliza mambo matatu tu. Mwanga unatoka wapi? Nani yuko karibu zaidi na sisi? Anaogopa nini? Nikishapata hayo matatu, picha inakuja."

"Basi?"

"Basi. Anza na mwanga."

Mama Stoo akainua macho kuitazama skrini. Mwanzoni hakuona mwanga wowote, aliona vitu tu. Mwanamke, mkoba, chumvi. Kisha akajilazimisha, kama anavyojilazimisha kusoma tarehe iliyofifia kwenye chupa. Mwanga unatoka wapi?

"Kushoto," alisema polepole. "Unatoka kushoto, chini, karibu na ardhi. Ni asubuhi. Unapita... unapita katikati ya nywele zake, Fundi. Kila unywele unaonekana peke yake. Na chumvi haikulala sawa. Ina mikunjo midogo, kila mkunjo una upande wa dhahabu na upande wa kivuli. Kivuli chake ni kirefu kuliko barabara."

Vidole kwenye mkono wake vilitulia.

"Nani yuko karibu?"

"Yeye. Uso wake umejaa ukuta mzima. Ana vumbi la chumvi kwenye kope. Hajalala. Anatazama mkoba kila baada ya hatua chache, kama mama anayemtazama mtoto mgonjwa mgongoni. Anaogopa... hajui kama mwenye barua bado yupo hai."

Fundi aliegemea nyuma. Aliegemea mgongo mzima.

Akaendelea hivyo. Alishusha sauti hadi ikawa kama ile ya kumbembelezea mtoto, akafuata mwanga popote ulipokwenda: ndani ya kibanda ulipoingia kwa tundu moja la ukuta, juu ya kikombe cha bati, kwenye mkono wa mzee aliyemkaribisha tarishi maji. Kila alipoutaja, mambo mengine yalikuja yenyewe, yakashikana mikono. Kisha akakumbuka mapacha wa yule mwenye sauti nzito, akaona amezidi, akanyamaza.

Muziki ulipita. Nyayo zilisikika.

"Mama," ile sauti nzito ikasema nyuma. "Mbona umenyamaza? Mzee amempa maji au hakumpa?"

"Si ulikuwa umelala?"

"Nimefumba macho tu. Endelea."

"Na uongeze sauti kidogo," muuguzi akasema kutoka kona ya mbali. "Huku maji hayakufika."

Mama Stoo akaongeza sauti. Ukoromaji wa yule mwenye kofia ulikuwa umekatika tangu saa ngapi, hakujua.

Ikafika ile sehemu.

Aliitambua kwa sababu maneno yalikoma. Bega lake likakumbuka soda. Dakika sita, maji. Mvua ilikuwa imenyesha juu ya uwanda wote, na sasa imekatika. Maji yalikuwa yamelala juu ya chumvi, kina chake hakizidi ukucha, hadi mwisho wa dunia kila upande. Upepo ulikufa. Jua likazama bila kelele, na usiku ukaja, na nyota zikatoka zote, zile ambazo mtu wa mjini hajawahi kuambiwa kwamba zipo.

Mama Stoo aliinama mbele kwenye kiti.

"Sema," Fundi alisema.

"Ngoja."

"Sema, mama watoto."

"Fundi," alisema, na sauti yake haikuwa yake. "Hakuna chini."

"Vipi hakuna chini?"

"Maji yamekuwa kioo. Nyota ziko juu na ziko chini, zilezile, zimejaa. Mstari wa katikati umepotea. Haijulikani mbingu inaishia wapi. Na yeye amesimama katikati, mdogo, mdogo kama punje. Amewasha taa yake. Taa moja mkononi, na moja chini ya miguu yake imeelekea chini, na mwanamke mwingine ameishika huko, kichwa chini. Nyayo zao zinagusana."

Tarishi akasogea.

"Ameinua mguu. Ameuweka. Nyota zimevunjika, Fundi. Zimetetemeka pale alipokanyaga, zimesambaa kwa mviringo, mviringo unakwenda, unakwenda... Sasa zinarudi. Zinarudi moja moja, kila moja mahali pake, kama hazikuguswa. Anasubiri zirudi zote kabla hajainua mguu mwingine."

"Anaogopa?"

Mama Stoo alitazama ule uso, uliojaa tena ukuta mzima. "Barua ameisahau. Anaogopa kukanyaga."

Mkono wa Fundi uliachia mkono wake. Uliinuka gizani, ukafunguka, ukabaki hewani mbele ya uso wake, vidole vimeachana kidogo, kama mtu anayepima upana wa kitu kikubwa kabla hajakichora. Mashavu yake yalikuwa yamelowa na hakujishughulisha kuyafuta.

Hapo Mama Stoo aligeuka nyuma. Mwanga wa skrini, wa bluu hafifu, ulikuwa umewafikia popo wote. Walikuwa wamekaa wima. Mwenye kofia aliivua. Mwoka mikate alikuwa ameweka mikono mapajani kama mtu aliye ibadani. Nyuso zote ziliinuliwa kuelekea kwake, na macho yote yalikuwa yamefumbwa. Katika jumba lile zima ni yeye peke yake aliyekuwa amefumbua macho, na hakuna aliyekosa hata nyota moja.

Aligeuka mbele haraka, kwa sababu tarishi alikuwa ameinua tena mguu na kulikuwa na watu kumi wakimsubiri.

Taa za ukumbi zilipowaka hakuna aliyeamka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amelala. Mwenye sauti nzito, kumbe mmoja wa wale walinzi, alikuja na rungu lake kwapani. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Samahani kwa yale ya mwanzo. Ila mkeo amekosea jambo moja. Mwishoni nilichungulia kidogo. Amesema koti la tarishi ni jekundu. Si jekundu, ni la kahawia."

"Ni jekundu," Mama Stoo alisema. "Nimeliona siku mbili."

"Mama, mimi ni mlinzi. Kazi yangu ni kutazama."

"Na yangu ni kuhakiki."

"Lilikuwa jekundu asubuhi," Fundi alisema. Alikuwa anatembea kati yao kuelekea mlangoni, kichwa juu. "Jioni, akiwa amezungukwa na bluu pande zote, juu na chini, nyekundu haina pa kushika. Inajifanya kahawia. Ukitaka ibaki nyekundu machoni pa watu, lazima udanganye, utie rangi ya chungwa kidogo begani. Huyu aliyepiga picha hakudanganya. Ni mtu mwaminifu."

Mlinzi alimtazama Mama Stoo, kisha Fundi, kisha Mama Stoo tena. "Huyu haoni?" aliuliza kwa midomo tu.

Wakatokea kwenye ngazi za mbele. Jua la mchana lilikuwa limekaa juu ya kila kitu, na popo waliovimba macho, ambao kwa haki walipaswa kuwa njiani kwenda vitandani, walisimama. Muuguzi alitaka kujua bluu gani hiyo. Mwoka mikate alitaka kujua inachanganywaje. Fundi akaanza kueleza, na mikono yake ikaanza kueleza pamoja naye.

Mama Stoo alitazama saa. Ruhusa yake ilikuwa inakwisha saa saba. "Fundi, teksi."

"Wewe nenda kazini," Fundi alisema, bila hata kugeuza uso. "Mimi nabaki kidogo na hawa."

Alidhani hakusikia vizuri. "Utabaki hapa? Utarudije?"

"Mama, nitamfikisha mimi," mlinzi alisema. "Mzee ameniambia mnakaa upande wa mnara wa maji. Ndiyo njia yangu."

Mama Stoo alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. Kisha akafungua daftari, ukurasa mtupu, akachomoa kalamu. "Kampuni gani? Namba ya sare? Simu?"

Mlinzi alitaja vyote, amesimama wima kama aliye mbele ya mkubwa wake. Fundi aliangua kicheko, na kicheko hicho kilikuwa na maji ndani yake. Kisha akaelekeza uso kwenye dirisha la tiketi, alipojua liko. "Dada! Filamu zinabadilika lini?"

"Ijumaa," muuza tiketi alijibu.

"Basi Jumanne utuwekee viti vilevile vya katikati."

Mama Stoo alishuka ngazi, akavuka barabara. Alikuwa amechelewa, na hakuwa mtu wa kuchelewa, na hakuwa mtu wa kugeuka nyuma. Aligeuka mara tatu. Mara ya tatu Fundi alikuwa ameteremka ngazi mbili peke yake ili apate nafasi ya kunyoosha mikono, watu tisa wamemzunguka, naye anawachorea hewani ukubwa wa ule usiku.